Kijiko cha Alhamisi

Tulipohamia Perry Barr juzi, kitu cha kwanza Mama alichokitafuta hakikuwa pasi ya nguo, wala vyeti vyake vya kazi, wala ile Biblia yenye mfuko wa zipu. Alitafuta kijiko. Masanduku yalikuwa yamejaa sebuleni mpaka dirishani, kochi limesimamishwa wima kama mgeni ambaye hakuna aliyemwambia akae, na yeye amepiga magoti jikoni anapekua magazeti tuliyofungia vyombo. "Wakio, kijiko changu cha sukari ulikitia wapi?" Nikamwambia vijiko vyote viko kwenye sanduku lenye utepe wa bluu. "Sijasema vyote. Nimesema changu." Nilijua anasema kipi. Ni kijiko kidogo cha chai, kizito kuliko kinavyoonekana, na kwenye ncha ya mpini kuna mchoro wa bunduki mbili zilizopishana. Rangi ya fedha imeanza kukitoka mgongoni, shaba inachungulia. Kwa haki hakikuwa changu, na hakikuwa cha Mama pia, ila tangu nikiwa na miaka kumi na mitano kimeishi ndani ya kopo letu la sukari kama mpangaji asiyedaiwa kodi. Tulipekua mpaka viganja vikawa vyeusi kwa wino wa magazeti. Hakuna. Mama akaketi sakafuni, akasema "Basi" kwa sauti ya mtu aliyepigiwa simu ya msiba wa mbali, akakoroga chai yake kwa uma. Mimi nikaingia chumba changu kipya kinachonuka rangi, nikaanza kuandika haya. Mambo yangu huwa nayaandika, kwa sababu kusema kulinishinda mapema.

Mwaka ule tulikuwa tunakaa Shard End, kwenye nyumba ya ghorofa ambayo ngazi zake zilinuka sabuni asubuhi na sigara jioni. Sitaeleza tulifikaje, kila familia ina hadithi yake ya kufika na zote zinafanana. Nitasema tu kwamba nilikuwa nimetoka Voi nikiwa nimechelewa kidogo, ule umri ambao watoto wengine wameshachaguana. Kiswahili changu hakikuwa na kazi shuleni, na Kiingereza changu kilikuwa kinatoka kimenyooka mno, kama sare iliyopigwa pasi na nyanya. Nikisema sentensi moja darasani, watu wanageuka kunitazama, si kwa ubaya, lakini wanageuka. Nikaacha kusema. Chakula cha mchana nilikila kwenye ngazi za kwenda maktaba, mgongo kwenye bomba la joto, mkate wangu kwenye paja, nikijifanya ninasoma. Nyumbani Mama alikuwa kwenye shifti za usiku, hospitali kule Edgbaston. Tulipishana mlangoni, mimi ninaingia na begi, yeye anatoka na lake, ananishika shavu kwa mkono wenye harufu ya losheni: "Sukuma iko kwenye sufuria, ugali songa mwenyewe, mlango funga mara mbili." Ugali wa mtu mmoja ni kitu cha ajabu. Unga unaoshikwa kwa vidole, maji kikombe, na ukimaliza kusonga unabaki na kitu kidogo kama sabuni iliyotumika. Nilikuwa ninakula nimesimama, redio ya jirani ikipita ukutani.

Mwalimu wa michezo ndiye aliyenipeleka kwenye kulenga shabaha. Nafikiri alichoka kuniona nimesimama pembeni ya uwanja wa netiboli nikikumbatia mikono yangu. Akaniambia kuna klabu nyuma ya ukumbi wa wazee, Alhamisi jioni, vijana wanapiga bunduki za upepo, na kule hakuna kukimbia wala kupiga kelele. Mama aliposikia neno bunduki alikaa chini. "Bunduki? Tumevuka bahari yote hii mtoto wangu aje kushika bunduki?" Ilibidi nimweleze kwamba ni za upepo, zinatoa kidonge cha risasi kidogo kama punje ya mtama, na kinachopigwa ni karatasi. Alikubali kwa shingo upande, akanipa kofia ya sufu.

Ukumbi wenyewe ulikuwa mrefu na baridi, una hita moja iliyonuka vumbi ikiwaka. Upande mmoja mstari mwekundu sakafuni, upande wa pili kadi za shabaha zimebanwa kwenye fremu, kila kadi ina maduara kumi madogo meusi, na kila duara unalipiga mara moja tu. Juu ya mlango, ndani na nje, kulikuwa na taa nyekundu. Ikiwaka, ina maana watu wanalenga, na hakuna kuvuka mstari. Kuingia ukumbini uliweza, ukijipenyeza nyuma taratibu. Wanachama wote waliingia hivyo, na vikombe vya chai mkononi, wala taa haikumzuia mtu mlangoni. Kilichonishinda kuamini siku ya kwanza ni ule ukimya. Watoto wa umri wangu, wale wale wa Shard End ambao kwenye basi wanapiga makelele mpaka dereva anasimamisha, walikuwa wamelala kifudifudi au wamesimama na makoti mazito ya kulengea, hakuna anayesema kitu. Kunyamaza kulikuwa ndiyo kanuni. Kwa mara ya kwanza tangu nishuke ndege, nilikuwa ninafanya jambo sawasawa na wenzangu.

Kocha wa vijana alikuwa Anko Gurdip. Mzee Singasinga, kilemba cha rangi ya anga, miwani mbili, moja puani na nyingine shingoni. Aliponiuliza jina na natoka wapi, kwa Kiingereza, nikanong'ona Kenya, akatupa mikono juu. "Kenya wapi?" akageuza lugha hapo hapo. "Mimi mtoto ya Nakuru! Baba yangu alikuwa na duka ya mbao pale. Wewe nakuja hapa kwa hii baridi kufanya nini?" Nikacheka kabla sijajizuia. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, hakina viungo vyote, lakini kilikuwa na joto lake, na alikuwa ananitupia katikati ya somo kama mtu anayempa mtoto pipi kisirisiri. "Hapana vuta na mkono. Vuta na kidole. Mkono yako nafikiri iko kwa vita."

Na kulikuwa na Jade. Jade aliishi na nyanya yake mitaa miwili kutoka kwetu, nyanya mwenye magoti mabovu ambaye hakutoka nje ila kwa kiti cha magurudumu. Alitafuna mkono wa sweta yake mpaka uzi ukawa unaning'inia, na alikuwa mlengaji mbaya kuliko wote. Hakujali. Baada ya kulenga tulikwenda jikoni mwa klabu, tunachoma mkate kwenye kibaniko kilichounguza upande mmoja tu, na Jade anazungumza. "Wewe hunyamaza vizuri," aliniambia siku moja, mdomo umejaa. "Watu wengine wakinyamaza unaona wanangoja zamu. Wewe unasikiliza." Niliiandika sentensi ile kwenye shajara usiku huo, na sioni haya kusema hivyo. Hakuwa rafiki yangu shuleni, tulikuwa shule tofauti. Alikuwa rafiki yangu wa Alhamisi, na wiki nzima ilikuwa inatembea kuelekea siku hiyo.

Kwa hiyo nilipousikia mkutano wa kamati kupitia dirisha la kupitishia vyombo, moyo ulinishuka mpaka kwenye viatu. Nilikuwa nimebaki kuosha vikombe. Mwenyekiti, Brian, mtu mkubwa mwenye sauti ya kusafisha koo, alikuwa anasema watoto wanapungua kila mwezi, na kuna kundi la yoga linautaka ukumbi Alhamisi. "Na nitakwambia kwa nini hawaji, Gurdip. Zawadi. Mtoto wa siku hizi unampa kijiko?" Ni kweli, zawadi ilikuwa kijiko. Ni desturi ya zamani ya vilabu vya kulenga huku, mshindi wa mwezi hupewa kijiko cha chai chenye bunduki mbili, na wazee wana droo nzima ya vijiko nyumbani, vinagongana kama njuga. Kwa vijana, kila mwezi kijiko kilikwenda kwa Connor, kijana mrefu aliyelenga bila kupumua, na kila mwezi Connor alikitia mfukoni bila kukitazama. Wengine walimwita Supu, kwa wingi wa vijiko vyake. "Hongera, Supu!" Siku moja alikisahau kibanikoni. Brian akasema lipo shindano la majira ya kuchipua, dhidi ya vijana wa klabu jirani. Nafasi za kulengea zikijaa, Alhamisi inabaki. Zisipojaa, yoga. "Tafuta zawadi zinazovuta watu," akasema, viti vikaburuzwa.

Anko Gurdip aliingia jikoni akanikuta nimeshika kikombe kile kile kilichokwisha kukauka. Hakuuliza kama nilisikia. "Wewe nachagua zawadi," akasema.

"Mimi? Anko, mimi siwezi kuwauliza watu."

"Nani nasema uliza? Hapa kila mtu naongea. Wewe tu naangalia. Basi angalia, halafu ambia mimi."

Nikaangalia. Nilianza na yale ya kawaida: medali kwenye orodha za mtandaoni, zile za plastiki zilizopakwa dhahabu, fulana, vocha. Connor alisema vocha ya michezo ya kompyuta, wengine wakashangilia, lakini mwingine akasema kwa unyonge, "Si atachukua Connor tu," na ukumbi ukapoa. Hilo niliona lina dawa nyepesi: zawadi mbili, moja ya alama za juu, nyingine ya mtu aliyejishinda mwenyewe, aliyepanda zaidi kutoka wastani wake. Shuleni Voi tulikuwa nayo. Hata hivyo bado sikuwa na jibu la ni kitu gani chenyewe, na Alhamisi mbili tatu zilipita ninatazama tu. Ndipo nikaona jambo dogo. Taa nyekundu ikizimwa, kila mtoto anakwenda haraka kubandua kadi yake. Anaitazama. Halafu, kabla ya lolote, anainua kichwa kutafuta mtu wa kumwonyesha. Na hakuna mtu. Wazazi walikuwa nje kwenye magari, injini zinanguruma, nyuso zimemulikwa na simu. Mtoto anaikunja kadi, anaitia mfukoni, anatoka. Connor pia. Hasa Connor. Mimi nami kadi zangu nilizibandika kwenye friji, na Mama akirudi alfajiri aliziandikia kwa kalamu ya kazini, "Safi sana," hata zile mbovu, kwa kuwa hakujua ipi ni mbovu.

Jumapili moja Mama hakuwa kazini, tukapika chapati, yeye anasukuma, mimi ninageuza. Nikamweleza habari ya zawadi. Alicheka mpaka akaweka kifimbo cha kusukumia chini. "Kijiko! Mtu alenge mwaka mzima wampe kijiko cha chai? Si hata wampe kikubwa cha kupakulia? Sisi tulikuwa tunapewa beseni."

"Beseni na kijiko tofauti gani, Mama?"

"Beseni unaogea." Akajipangusa uso, unga ukamshika kwenye nyusi. "Lakini hata beseni ungenunua sokoni. Unajua raha ilikuwa wapi? Jina likiitwa, mtoto hatoki peke yake. Mama yake anatoka naye. Anatoka na leso anacheza kutoka kule nyuma kabisa, vumbi linatimka, walimu wanangoja, hawezi kuharakishwa. Mama yangu alicheza mpaka mkuu wa shule akaketi. Beseni lenyewe lilitoboka mwaka huo huo."

Nikaiacha chapati ikaungua. Alhamisi iliyofuata nilimwambia Anko Gurdip, kwa Kiswahili ili nisiweze kurudi nyuma: vijiko vibaki. Asibadilishe chochote kwenye kijiko. Ila kiwe hakipokelewi na mtu mmoja. Kila anayeshindana aje na mtu wake, huyo azime gari, aingie ndani, na mshindi akiitwa watoke wawili. Asiye na mtu hapokei. Anko alivua miwani ya puani akavaa ya shingoni, akanitazama. "Hii kitu ya Nakuru," akasema. "Mama yangu alitoka na mimi. Mimi nilipata sahani." Akaingia kwa kamati. Nilimsikia Brian akisafisha koo mara nyingi, akiuliza kama wazazi watakubali, halafu, "Baba yangu hakuwahi kuniona nikilenga hata mara moja, unajua hilo?" Tangazo likabandikwa. Majina yakaanza kujaa siku ile ile, hata ya watoto walioacha kuja tangu Krismasi.

Jade aliandika jina lake chini ya langu. "Mimi namleta nyanya," akasema, "hata kama ni kwa toroli. Wewe unamleta nani?" Nilikuwa ninafungua siagi. Nakumbuka kisu kilivyosimama. Naapa, katika kufikiri kwangu kote, katika kuwatazama watoto wa watu wasio na wa kumwonyesha kadi, sikuwa nimejihesabu. Shindano lilikuwa Jumamosi alasiri, na Jumamosi Mama alikuwa anaanza shifti ndefu. Nilimwambia jioni hiyo hiyo mlangoni, haraka haraka, kama kitu kisicho na uzito. Alisimama, mkono mmoja ndani ya koti, mwingine nje. "Jumamosi ile? Nitajaribu, mwanangu." Kwetu nyumbani "nitajaribu" ni "hapana" iliyovalishwa nguo za kanisani. Nikasema haina neno. Nikafunga mlango mara mbili.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu asubuhi. Ukumbi ulijaa hivi kwamba madirisha yaliingia ukungu. Kina mama na makoti yanayochuruzika, kaka wakubwa, shangazi aliyekuja na keki, watoto wa klabu jirani na watu wao. Viti vilikwisha. Nyanya wa Jade hakuja, magoti yalikuwa yamevimba, na Jade alilieleza hilo kwa mzaha mrefu ambao haukuchekesha, anatafuna sweta. Baba yake Connor aliingia taa nyekundu ikiwa inawaka, akajipenyeza nyuma na kofia yake mkononi, na alipomwona mwanawe anavyosimama na bunduki, wima kama mshumaa, alisema kwa sauti, "Jamani, hebu mtazame." Ukumbi mzima ukasema shh. Masikio ya Connor yalikuwa mekundu, lakini hakukosa.

Mimi nililenga kundi la mwisho, pamoja na Jade. Na nitasema ukweli: sijawahi kulenga vile tena. Mkono haukuwa na vita. Duara la kwanza, la pili, la tano, nilikuwa ninaona kidonge kinavyoingia mahali pake kama ufunguo. Kila baada ya kulenga niliweka bunduki chini na kugeuka kutazama mlango. Mlango ulikuwa na kioo kidogo, na kioo kile kutoka ndani kilionyesha taa zetu wenyewe tu, mistari mieupe na uso wangu. Nikageuka tena kulenga. Ilipobaki risasi moja nilikuwa najua hesabu. Anko Gurdip alikuwa amesimama nyuma yangu na nilisikia pumzi yake imebadilika. Kijiko cha aliyejishinda kilikuwa changu. Na hapo nikaiona picha yote. Jina langu linaitwa. Wakio, na mtu wake. Mimi ninatoka katikati ya viti vile vyote peke yangu, watu wanageuka kunitazama, si kwa ubaya, lakini wanageuka, na Brian anasafisha koo kwa sababu kanuni ni kanuni, na kanuni niliitunga mimi. Nikaelekeza bunduki kwenye weupe wa karatasi, pembeni kabisa mwa duara, na nikavuta kwa kidole, polepole, kama nilivyofundishwa.

Taa ikazimwa. Anko Gurdip akabandua kadi yangu, akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hii ya mwisho naenda wapi?"

"Nilitetereka, Anko."

"Wewe hapana tetereka." Alisema chini chini. Halafu akaandika alama, kwa kuwa alama ni alama, akaipeleka mezani.

Na mlango ukafunguka, Mama akaingia. Sare ya kazi chini ya koti la kijani, leso imekunjwa chini ya kwapa, mwavuli mkononi. Alinitafuta kwa macho akanipata. Nilikwenda kwake na sauti yangu ikatoka kali, "Umechelewa." Alinitazama kama hakuelewa vizuri. "Si nimefika?" akasema. "Nimefika." Kabla sijajibu Brian alikuwa ameanza kuita. Connor na baba yake, makofi. Halafu: aliyepanda zaidi, Jade, na mtu wake.

Jade alisimama. Alikuwa amelenga vizuri kuliko siku zote za maisha yake na hakujua kwamba amepewa nafasi. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akitabasamu lile tabasamu la mtu anayeomba aruhusiwe kukaa. Brian akasafisha koo. Hapo ndipo Mama akaniuliza kwa Kiswahili, "Yule mtoto mbona hana mtu?" Hakungoja jibu. Akafungua leso akaifunga kiunoni juu ya koti, akapiga kigelegele ambacho ukumbi ule haukuwahi kukisikia tangu ujengwe, akatoka kutoka nyuma kabisa anacheza, mabega yanakwenda, mwavuli umeinuliwa kama usinga. Akamshika Jade mkono. Waliharakishwa na nani? Walipita mbele ya hita, mbele ya keki, Jade analia na kucheka na kujaribu kufuata miguu ya Mama. Anko Gurdip alikuwa anapiga makofi kichwa kimeinama. Mimi nilisimama kando ya mlango, mgongo wangu ukutani, nikimtazama mama yangu akicheza na mtoto wa mtu mwingine ngoma niliyomwachia mimi mwenyewe.

Baadaye, nje, Jade alimtilia Mama kijiko mkononi. Mama akakataa, akamwambia kwa Kiingereza chake cha wodini akipeleke kwa nyanya. "Nyanya ana vijiko," Jade akasema. "Kaa nacho. Wewe ndiye uliyecheza." Ndani ya basi, ghorofa ya juu, Mama alikigeuza geuza kwenye mwanga. "Kumbe ni kizito," akasema. Akaomba kadi yangu, akapita kila tundu kwa kidole mpaka lile la kwenye weupe, akasema, "Safi sana," akaniegemea akalala mpaka kituo chetu. Alirudi kazini jioni hiyo hiyo. Alikuwa amebadilishana saa chache na mwenzake.

Alhamisi ilibaki. Yoga walikwenda kwingine. Lakini ilibaki kwa namna ambayo sikuwa nimeifikiria: viti vikawekwa nyuma, wazazi wakaanza kuja kila wiki na chupa za chai, jikoni kukajaa, kibaniko kikanunuliwa kipya. Ukumbi ukawa na sauti. Watoto waliinua vichwa na wakapata mtu wa kumwonyesha, na mimi nilizipeleka kadi zangu nyumbani kwenye friji kama zamani. Jade na nyanya yake walipewa nyumba isiyo na ngazi kule Walsall kabla ya kiangazi. Tuliandikiana kwenye simu, kisha tukapeana salamu za siku ya kuzaliwa tu, kisha hata hiyo ikasahaulika. Mitihani ilipokuja niliacha kwenda, na hakuna aliyeuliza ila Anko Gurdip, aliyenipigia mara moja kusema, "Kidole yako ilikuwa nzuri." Sikuwahi kulenga shabaha tena.

Nimeandika mpaka hapa, nikamsikia Mama anaita. Alikuwa ameketi kitandani kwake kati ya masanduku, mkoba wa kazi umemwagwa juu ya shuka: beji, losheni, kalamu, na kijiko kimefungwa ndani ya soksi. "Kumbe nilikibeba mwenyewe," akasema, anacheka kwa aibu. "Nilisema kitu hiki hakiwezi kupanda lori na masufuria. Halafu nikasahau kwamba nilisema." Nikaleta chai na kopo la sukari, nikakaa pembeni yake. Alikuwa anakisugua kwa pindo la nguo. "Kale katoto, Jade. Sijui kako wapi. Siku ile miguu iliniuma! Nilisimama nje pale mlangoni sijui muda gani."

"Nje wapi?"

"Pale barazani, mlangoni. Si kulikuwa na taa nyekundu? Kazini taa nyekundu ikiwaka mlango wa eksirei hatuingii, hata uwe nani. Nikasema nikiingia nitamharibia mtoto. Mpaka koti likanikaukia mwilini." Akanyoosha kijiko mbali ili akione vizuri. "Lakini nilikuona wakati wote. Kupitia kile kioo. Kila ukimaliza moja unageuka kunitazama, na mimi kila ukigeuka ninakupungia mkono, namna hii, na leso. Nilisema huyu leo anajua nimekuja." Akanitazama. "Si ulikuwa unaniona?"

Nilichukua kijiko mkononi mwake. Kilikuwa na joto la soksi na la vidole vyake. Nikatia sukari, kijiko kimoja, cha pili, nikakoroga taratibu mpaka chembe zote zikayeyuka, mpaka hakukuwa tena na sauti ya kitu kikikwaruza chini ya kikombe.

"Nilikuwa ninakuona, Mama," nikasema.